Ekari Tano za Kigwa: Shilingi Ipi Inarudisha Pori?

Ukiwa na ekari tano za shamba la tumbaku lililochoka huko Kigwa, wilaya ya Uyui, na ukataka lirudi kuwa pori lenye nyuki, kanga, funo na uyoga wa masika, jambo la kwanza utakaloshauriwa na karibu kila mtu ni kununua miche. Kwa ardhi ya Unyamwezi ushauri huo ndio ghali kuliko yote, na mara nyingi ndio unaozaa kidogo. Zipo njia nyingine nne au tano, na tofauti ya gharama kati yake ni kubwa kiasi kwamba inafaa mtu akae chini na kalamu kabla ya kutoa hata senti.

Bei hubadilika kila msimu na kila kijiji, kwa hiyo hapa natumia tarakimu za kuhesabia tu: mche mmoja shilingi 500, kibarua wa siku shilingi 6,000. Weka bei unayoambiwa kwako. Uwiano hautasogea sana. Ekari moja ni kama hatua 70 kwa 70. Ekari tano zikiwa za mraba, mzunguko wake ni karibu mita 570.

Tuanze na miche. Ukipanda kwa nafasi ya mita nne kwa nne, ekari moja inameza miche 253, na ekari tano miche 1,265. Hiyo ni shilingi 632,500 kabla hujachimba shimo hata moja. Kibarua mzuri akichimba mashimo 40 kwa siku, unahitaji siku 32, yaani shilingi 192,000. Theluthi moja ya miche ikifa, na kwa kiangazi cha Tabora kinachodumu kuanzia Mei hadi Oktoba si ajabu ikafa zaidi, unanunua mingine 420 kwa shilingi 210,000. Jumla imeshavuka milioni moja: shilingi 1,034,500. Na bado hujamwagilia. Ukiupa kila mche lita tano mara moja tu, unahitaji ndoo 316 za lita ishirini. Nani atazibeba, kutoka kisima gani, mwezi wa Septemba? Halafu kuna mchwa, ambao katika udongo wa kichanga wa luseni hukata mche laini chini ya ardhi, nawe unaona jani limenyauka bila kujua sababu.

Kinachofanya gharama hiyo iume zaidi ni kwamba chini ya shamba lile tayari kuna msitu. Pori la huku ni la miombo: mtundu, myombo, muva, na katikati yake mninga na mkora. Miti hii haisafiri mbali kwa mbegu. Ganda la mtundu likikauka hupasuka na kurusha mbegu mita chache tu kutoka kwenye shina. Nguvu yake iko kwenye mizizi. Mti uliokatwa unaweza kuacha mzizi hai kwa miaka mingi. Unachipua, jembe linakata, unachipua tena. Shamba lililolimwa misimu michache likaachwa huwa limejaa mizizi ya namna hiyo, na anayepita juu yake huona vichaka tu.

Kuna sababu nyingine isiyoonekana kwa macho. Mtundu na jamaa zake huishi kwa ushirika na kuvu zinazojishikiza kwenye mizizi, zikiusaidia mti kupata maji na chumvi za udongo. Kuvu hizo ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya uyoga unaouzwa kando ya barabara wakati wa mvua. Mche wa mtundu uliooteshwa kitaluni kwenye udongo wa kawaida, kisha ukapandwa mahali palipolimwa muda mrefu, unakosa wenzake hao. Chipukizi la kisiki cha zamani linaanza nao. Mninga nao una tabia yake: mche uliotoka kwenye mbegu hukauka sehemu ya juu kila kiangazi na kuchipua upya masika, miaka kadhaa mfululizo, huku ukijenga mzizi chini. Aliyeununua akaukuta umekauka Agosti hudhani umekufa, akaung'oa.

Historia ya Kigwa yenyewe inaunga mkono hesabu hii. Burton na Speke walipita katika njia hii ya misafara mwaka 1857 wakielekea Kaze, Tabora ya leo. Stanley alipopita mwaka 1871 kutoka Bagamoyo, aliikuta Rubuga, na baada yake Kigwa, zimeharibiwa na kukimbiwa na watu kwa sababu ya vita vya Unyanyembe, vile vya mtemi aliyevuliwa madaraka, Mnywa Sere. Mashamba yalibaki bila mwenyewe. Hakuna aliyekuja na miche, na leo jina la Kigwa na Rubuga linabebwa na msitu wa hifadhi.

Njia ya pili, basi, ni kulea visiki. Wataalamu huiita kisiki hai, jina lililoenea zaidi kutokana na kazi iliyoanza Dodoma mwaka 2018 chini ya taasisi ya LEAD Foundation ikishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi. Asili ya mbinu hiyo kwa sura yake ya sasa ni Maradi, nchini Niger, ambako Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, aliianza mwaka 1983 baada ya kuona miche anayopanda inakufa huku vichaka vya pembeni vikichipua bila msaada. Niger ilirudisha miti kwenye takriban hekta milioni tano kwa njia hiyo, nyingi zikiwa mashamba ya wakulima wadogo.

Kazi yenyewe inataka jicho kuliko fedha. Chukua kisiki kimoja cha mtundu mwezi Septemba, majani mapya yakiwa bado mekundu kama shaba. Kitakuwa na machipukizi kumi au zaidi yanayogombania maji ya mzizi mmoja. Chagua mawili au matatu yaliyonyooka, yaliyotokea chini karibu na udongo. Yale yaliyoota juu ya kisiki hubanduka upepo ukivuma. Funga kitambaa cha rangi kwenye uliyoyachagua ili kila mtu ajue yana mwenyewe. Mengine yakate kwa panga lililonolewa, mkato uende kutoka chini kwenda juu, maana ukikata kwenda chini gome linachanika na maradhi yanaingia. Kwenye yale uliyoyabakiza, ondoa matawi ya chini hadi nusu ya kimo, usizidishe. Vijiti ulivyokata vitawanye chini vioze. Usivirundike shinani, moto ukipita utakuwa umeuwekea kuni. Baada ya miezi sita unarudi kuondoa machipukizi mapya.

Ukilea visiki 100 kwa ekari, ekari tano ni visiki 500. Kibarua aliyeelekezwa vizuri akimaliza 50 kwa siku, hizo ni siku kumi, shilingi 60,000. Duru ya pili ni nusu yake, 30,000. Ongeza njia ya moto kuzunguka eneo lote, upana wa mita tano: akisafisha mita 60 kwa siku, ni siku kumi nyingine, 60,000. Jumla shilingi 150,000 kwa mwaka wa kwanza. Linganisha na milioni moja na ushee ya miche, ambayo bado ingehitaji njia ya moto ileile.

Nimeitaja njia ya moto kama nyongeza, lakini ndiyo matumizi ambayo nisingekubali yapunguzwe hata kidogo. Huko Ndola, Zambia, majaribio ya moto yaliyoanza mwaka 1933 kwenye miombo kama hii yalionyesha jambo ambalo kila mwenye shamba anapaswa kulijua. Sehemu iliyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi iligeuka majani matupu, miti ikapotea. Iliyochomwa mapema, majani yakiwa hayajakauka sawasawa, ilibaki na miti. Iliyozuiwa moto kabisa ilisonga na kuwa kichaka kinene. Mtu anaweza kulea visiki vyake kwa bidii miaka mitatu, kisha moto mmoja wa Oktoba, uliowashwa na mwindaji au mrina asali asiyezima mwenge wake, ukarudisha kila chipukizi chini.

Kwa hiyo chaguo halisi ni kuzuia moto kabisa au kuchoma mapema. Kwa miaka mitatu ya mwanzo ningezuia, kwa sababu machipukizi hayajafika kimo cha kuvumilia. Baadaye, yakishapita kimo cha mtu na magome yakakomaa, kuchoma kwa vipande mwezi Mei au Juni mapema kuna faida: nyasi changa zinaota, na funo na swala wadogo huzifuata. Kuchoma huko kunataka ruhusa ya serikali ya kijiji, majirani kuarifiwa, watu wenye matawi mabichi mkononi, na jioni isiyo na upepo. Gharama ni chakula cha vijana kumi kwa siku moja. Usipoweza kuwapata, usichome.

Ngitili ni njia ya tatu, na hapa Wasukuma na Wanyamwezi hawahitaji kufundishwa na mtu. Kutenga eneo la malisho lisiguswe masika ili mifugo iwe na majani kiangazi ni desturi ya zamani. Iliyumba baada ya watu kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970, na Shinyanga ikakauka kiasi cha kuitwa jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifanya jambo la busara: badala ya kung'ang'ania miche ya serikali peke yake, ulirudisha ngitili. Zilizokuwa hekta mia chache zikafika zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watafiti waliozikagua waliorodhesha aina 152 za miti na mimea mingine ya porini, na aina 145 za ndege. Fisi na swala wadogo walirudi. Utafiti wa uchumi wa ngitili hizo, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria faida ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50. Hasara ya wanyama kula mazao nayo ilihesabiwa, ikaonekana ni ndogo kuliko faida.

Kwa fedha taslimu ngitili ni bure. Gharama yake ni majani ambayo ng'ombe wako hawatayala kuanzia Novemba hadi Julai, na mapatano na wenye mifugo wengine. Ekari tano peke yake hazilindiki kama jirani ana ng'ombe sitini na njia yao ya maji inapita kwako. Hapo ndipo inapobidi kuzungumza na wazee, kuacha njia ya mifugo wazi, na kuweka faini inayosimamiwa na sungusungu au kamati ya kijiji. Senyenge kuzunguka mita 570 ni ghali kuliko kila kitu nilichokwisha kutaja, na waya huibwa. Mapatano yaliyoandikwa kwenye muhtasari wa mkutano yana nguvu kuliko waya.

Sasa chakula cha wanyama. Huko Marekani wenye ardhi hupanda vishamba vya klova na mikunde mingine kuwavutia kulungu, na mwenye ardhi akiwa na leseni huwawinda msimu ukifika. Huku mambo ni tofauti: chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama wa porini ni mali ya umma hata akilala shambani kwako, na kumuua bila leseni ni kosa zito. Kishamba cha chakula kwetu kina maana kwa nyuki, kwa kanga na kwale, kwa mbuzi wako wakati wa ukame, na kwa udongo wenyewe.

Kwa kazi hiyo nusu ekari ndani ya eneo inatosha. Panda fiwi, weka mistari ya mbaazi, na sehemu iliyochoka sana tupia marejea. Marejea ni zao ambalo wakulima wengi wazee wanalikumbuka kutoka miaka ya 1980, Padre Gerold Rupper wa Peramiho alipolipigia debe nchi nzima kama mbolea ya bei ya chini. Maua yake ya njano hujaa nyuki, na mizizi yake hutia naitrojeni ardhini. Kilo nne za fiwi kwa shilingi 3,000 kila moja ni 12,000. Siku sita za kupanda na kupalilia ni 36,000. Jumla 48,000, na mwaka unaofuata mbegu unazo. Usilime kwa kupindua udongo wote. Piga mistari tu, kisha masalia yaache juu ya ardhi yafunike unyevu.

Usipande mtama, mahindi wala karanga kwenye kishamba hicho. Nguruwe pori na nyani wakizoea mazao hayo pembezoni mwa pori, usiku wa pili watakuwa kwa jirani, na kwelea kwelea wakijua mtama uko hapo, kijiji kizima kitalia. Kiweke kishamba upande wa ndani, mbali na mpaka wa mashamba ya watu. Aliyeharibiwa mazao anaweza kudai kifuta jasho kupitia ofisi ya wanyamapori ya wilaya, lakini kifuta jasho hakilingani na gunia la mahindi, wala hakiji haraka.

Miche ina mahali pake pia, na ni pale tu kisiki kinapokosekana. Matunda ya porini ndiyo mfano mzuri. Watafiti wa kituo cha utafiti cha Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora, walipofanya kazi na kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, ICRAF, waliwauliza wakazi ni miti gani ya matunda ya porini wanaithamini zaidi. Miongoni mwa iliyopewa uzito ni mtonga, mtalali, mbura na mkusu. Kama eneo lako halina hata mmoja, panda ishirini kwenye mashimo yaliyochimbwa vizuri na kuwekewa samadi. Hiyo ni shilingi 10,000 ya miche, na ndoo tano za maji kila unapomwagilia, kiasi ambacho familia inakimudu. Popo, ndege na nyani watapeleka mbegu zaidi ya pale.

Mkulima wa tumbaku ana hesabu nyingine, maana bani lake la kukaushia tumbaku linataka kuni kila mwaka. Kwake shamba la miti inayokua haraka lina thamani hata kama halilishi mnyama yeyote. Tumbi walifanya majaribio ya akasia ya Australia, Acacia crassicarpa, inayopandwa pamoja na mahindi miaka miwili ya mwanzo, ikaachwa ikue hadi mwaka wa nne au wa tano, ikakatwa na mahindi yakarudi kwenye udongo uliopumzika. Nusu ekari au ekari moja ya namna hiyo, karibu na bani, inalinda ekari tano za miombo dhidi ya shoka la mwenyewe. Ndiyo miche mingi pekee ambayo ningeinunua bila kusita.

Mizinga inakuja mwisho, ingawa ndiyo inayoleta fedha mapema. Mzinga wa magome ni rahisi, karibu bure ukijua kuutengeneza, lakini kila mmoja umebandua gome la mtundu au myombo mzima, na mti uliozungushwa hivyo hufa. Mizinga kumi ni miti kumi iliyokuwa ikilisha nyuki haohao. Mzinga wa gogo unadumu zaidi, nao unaanza kwa kuangusha mti. Mzinga wa mbao wa viunzi vya juu nauhesabu kwa shilingi 60,000; hudumu miaka mingi ukipakwa nta na kutundikwa mbali na mchwa, na unarina kwa kuchagua masega bila kuua kundi. Anza na miwili, pori likiwa bado changa. Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko Tabora, na afisa nyuki wa wilaya anaweza kukuonyesha vipimo ili fundi seremala wa kijijini akutengenezee. Tazama vipimo hivyo kabla ya kulipa: kiunzi kikizidi upana, nyuki hujenga masega yakavuka viunzi na asali hutoki nayo bila kuvunja kila kitu.

Kuna gharama moja isiyoandikwa kwenye risiti. Pori likirudi karibu na nyumba, mbung'o wanaweza kurudi nalo, na mkoa wa Tabora unaijua malale ya watu na nagana ya ng'ombe kwa miaka mingi. Acha ukanda safi wa angalau mita mia kati ya nyumba na miti, usiweke kisima cha familia ndani ya kichaka, na mtu akipata homa isiyoisha baada ya kufanya kazi porini, mweleze mganga wa zahanati kuwa alikuwa porini, ili damu yake iangaliwe zaidi ya malaria.

Karatasi za ardhi zitangulie yote haya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakuruhusu kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, na mkiwa majirani kadhaa mnaoungana, kijiji kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mapato yake yakabaki kijijini. Shamba lililoachwa likue bila karatasi huonekana kama ardhi isiyo na mtu, na miti ikishafika kimo cha nguzo, wanaoitaka huwa wengi. Nenda kwa mtendaji wa kijiji mwezi wa Aprili, kabla ya msimu wa moto, na muhtasari wa mkutano ubaki nakala moja kwako.